Safari ya mtumbwi ambao muda mwingi unaubeba wewe

Watu wakisikia nilienda safari ya mtumbwi porini siku kadhaa wanakimbilia kuuliza mikono, mabega hayakukuuma, kupiga kafi kutwa nzima unaweza kweli, nabaki nacheka tu maana mikono wala haikuwa na shida, ulizeni magoti. Nilikuwa Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota kule Marekani, mpakani kabisa na Kanada, pori lenye maziwa zaidi ya 1,000 na mengi yake injini ni marufuku. Raha tupu, ila kuna kitu kimoja, hayo maziwa mengi hayajaungana.

Kwahiyo inakuwa hivi, unavuka ziwa, ukifika ng'ambo unakuta kinjia kimezama msituni, unashuka, unabeba mabegi na mtumbwi wenyewe mpaka ziwa linalofuata, unapakia upya, unasonga. Hizo njia ndo wanaita poteji. Nyingi ni za zamani sana, Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, walishazipita na mitumbwi yao ya magome ya miti kabla huo mpaka haujachorwa na mtu.

Afu urefu wake kwenye ramani sio mita wala maili, ni rodi. Rodi moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5 hivi, yaani karibu sawa na mtumbwi wenyewe. Ukiona rodi 30 unapita unapiga stori. Rodi 160 ni nusu maili, mita 800, utasema si mbali, sawa, ila kama huwezi kubeba vyote mkupuo mmoja unaenda na mzigo, unarudi mikono mitupu, unaenda tena, tayari ni mita 2,400 na bado uko poteji ile ile. Hapo ndo nilielewa kwanini wazoefu wanapima hadi mswaki kabla ya kuondoka.

Mwenzangu alikuwa anataka mkupuo mmoja kila mahali. "Kaka, we weka mtumbwi begani na begi mgongoni, mi nachukua yaliyobaki, tunamaliza." Nikamwambia we endelea, magoti yangu na kesho nayahitaji. Mimi ni mtu wa mikupuo miwili na sijuti, maana ile safari ya kurudi mikono mitupu ndo pekee unayouona msitu, muda mwingine wote unaangalia mizizi na mawe usije ukateguka. Wachukuzi wa biashara ya manyoya wa enzi zile kila mmoja alikuwa anabeba mafurushi mawili kwa pamoja, kila furushi kama kilo 40, na pale Grand Portage, poteji maarufu ya hukohuko Minnesota, walipiga hivyo karibu kilomita 14. Nawaheshimu, wala siwaigi.

Mtumbwi wenyewe kuubeba ni ufundi kuliko nguvu. Unasimama ubavuni pale katikati, unaushika ukingo wa karibu, unauvuta upande mapajani, mkono mmoja unaukamata ukingo wa mbali, afu unajisukuma kwa goti na kuuzungusha juu ya kichwa mpaka ile nira, ubao unaokatiza mtumbwi katikati, itue mabegani, na ukisitasita katikati ya tendo umeumia. Kama mko wawili, mmoja anyanyue omo, yaani mbele, juu, tezi, yaani nyuma, ibaki chini, mwingine aingie chini yake taratibu, hakuna anayetoa medali kwa kunyanyua peke yako. Ukiwa na wa Kevlar, zile nyuzi nyepesi lakini imara, ni kama kilo 20, wa alumini unapita 30, na hiyo tofauti ukifika kwenye kilima utaitaja kwa jina.

Ukishauvaa kichwani huoni kitu, hatua chache za njia mbele ya viatu vyako basi. Na mbu nao wanalijua hilo. Wanaingia mule ndani wanajaa, sauti yao inazidi kwa sababu uko kama ndani ya ngoma, mikono yote miwili imeshika kingo, huwezi hata kujipiga kofi. Mwezi wa sita ndo balaa lenyewe.

Sheria zao nilizipenda, watu wasizidi 9 kwenye kundi, makopo na chupa za glasi za chakula na vinywaji haziingii, na unalala sehemu zilizowekwa tu, utaikuta kwa jiko lake la chuma na choo cha shimo nyuma huko. Chakula kinaning'inizwa juu ya mti mbali na hema, au kinafungiwa kwenye pipa la kuzuia dubu.

Kwenye maji kitu cha kuogopa ni upepo. Ziwa kubwa asubuhi linalala, mchana upepo wa mbisho ukishaamka mnapiga makafi mnaona jiwe lile lile la pembeni halisogei, kwahiyo amkeni mapema mvuke kabla. Na anayekaa tezi ajue kulipinda kafi mwisho wa kila pigo kunyoosha mtumbwi, la sivyo mtakuwa mnachora nyoka ziwa zima huku wa mbele anatoka jasho bure.

Kuna watakaokwambia usijali, begi la chakula linapungua kila siku. Ni kweli linapungua. Ila ikinyesha usiku, asubuhi unalikunja hema likiwa chapachapa, kilo zote ulizokula zinarudi mgongoni, afu unafungua ramani unakuta poteji ya kwanza ya siku ni rodi 200 na inapanda.