Siku moja maishani mwangu: mimi si usalama jamani, mimi nasoma tu

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka. Mtaani wanasema eti niko usalama, mama mkwe anasema niko "serikalini huko", ila kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti, kusoma habari za meli na mipaka, halafu kuandika kurasa mbili za kuwaambia wakubwa moto unaweza kuanzia wapi. Bastola sina, nina chaja.

Saa moja na nusu ofisini. Chai, halafu habari za vita: Goma kule Kongo, Sudan, Cabo Delgado kule Msumbiji.

Saa tatu mkuu akaniita. Waraka wangu ulikuwa wa Bahari Nyekundu na nimeandika "huenda maharamia wa Somalia wakaongezeka". Basi hiyo "huenda" ikala saa mbili nzima! "Wataongezeka au hawaongezeki? Huenda si jibu." Nikamwambia mkuu, tangu Wahouthi, wale waasi wa Yemen, waanze kushambulia meli Novemba 2023, manowari nyingi zilikimbilia Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari Nyekundu, maharamia wa Somalia wakaona huku kwao hakuna mlinzi, Desemba hiyohiyo wakaiteka meli ya mizigo MV Ruen na ilikuwa haijatekwa meli ya biashara hivyo tangu 2017, mpaka India wakaja kuikomboa Machi 2024. Meli nyingi zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ikaongezeka hata siku kumi, bima ikapanda, mbolea ikachelewa, na sisi tunaosema hatufungamani na upande wowote itabidi tuamue tukiombwa kushiriki doria tunajibu nini. Hayo nayajua. Ila tarehe ya haramia kupanda boti siijui, mi siyo mganga! Akasema punguza iwe ukurasa mmoja.

Na kinachouma ni hiki, ukionya halafu kitu kisitokee unaambiwa unatisha watu, kikitokea wanakuuliza ulikuwa wapi, wakati waraka uko kwenye droo yao. Ila ile siku ramani yako inapofunguliwa mezani kabla mambo hayajaharibika, aisee, unatembea kifua mbele wiki nzima.

Mchana sijui ulipita saa ngapi, chipsi zilipoa, macho yanawaka, nimefuta, nimerudisha, nimefuta tena. Giza lishaingia ndo nikatuma, pale kwenye "huenda" nimeweka "kuna uwezekano". Mkuu akajibu hapohapo: "Sasa imenyooka." Na chini yake, kesho kabla ya saa nne anataka waraka wa nyaya za intaneti za baharini.