Hesabu zinakukera? Shika sindano ya nyavu

Kwa anayekimbia hesabu na anataka ufundi wa mikono hapa Mwanza, chaguo langu la kwanza ni kushona nyavu. Kuunda mitumbwi nako kuna heshima yake, ila futi na inchi hazikuachi.

Kwenye nyavu kipimo ni kibao: kipande laini cha mbao chenye upana sawa na upande mmoja wa jicho, yaani kitundu kimoja cha wavu. Zungusha uzi, funga fundo, rudia. Macho yanatoka sawa bila rula.

Ugumu uko kwenye kiraka. Usishone tundu kama lilivyochanika. Lisafishe kwa wembe mpaka kila fundo la ukingoni libaki na nyuzi mbili, isipokuwa mawili tu, la kuanzia juu na la kumalizia chini. Hayo yaachie nyuzi tatu. (Hesabu yenyewe ndiyo hiyo.) Ukikata ovyo, mwishoni utabaki na jicho lisilo na mwenzake, na wavu utavutika upande.

Nailoni huteleza. Bana makutano ya uzi kwa kidole gumba ndipo ukaze, la sivyo fundo litahama: jicho moja lipanuke, la jirani libane. Unene wa uzi ufanane na wa wavu, kwani mwembamba hukatika mapema na mnene hufanya kiraka kigumu.

Ufinyanzi nao unafaa, mradi uwe na subira: chungu kisichokauka vizuri hupasukia motoni.

Malipo mwelewane kabla hujagusa wavu, kwa kiraka au kwa siku.