Kuolewa Dar es Salaam na Kupata Watu Wako

Mtu anayekuja Dar es Salaam kutafuta kazi huja kwa shabaha yake, na watu atakaofahamiana nao, wema kwa wabaya, ni wa kwake. Mwanamke anayeletwa na ndoa huingia kwa njia nyingine: chumba kimepangwa na mume, mwenye nyumba anamjua mume, ndugu walio karibu ni wa mume, na hata salamu za majirani humfikia kwa kuwa yeye ni mke wa fulani. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022 mkoa huu ulitoka watu 4,364,541 ukafika 5,383,728, na katika ongezeko hilo wamo wanawake wengi waliowafuata waume zao. Mimi nilikuja hivyo hivyo, nikitokea Songea, nikaanza maisha ya ndoa Mbagala. Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikiwapokea wengine kanisani na katika kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, na jambo ambalo nimeliona likijirudia ni hili: kinachomshika mwanamke mgeni mjini ni mahali ambapo ameingia kwa jina lake mwenyewe, ambapo angeuliziwa asipoonekana hata kama mume wake hajulikani hapo.

Wengi hudhani kwamba taabu ya bibi harusi mgeni ni nyumba ya kupanga yenye watu wengi. Siamini hivyo. Katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, ua mmoja, choo kimoja na umeme wa LUKU wa kuchangia, ugomvi haukosekani, lakini mgeni hujifunza upesi kuliko mahali pengine popote. Mpangaji mwenzake humwonyesha ni genge gani linakopesha hadi mwisho wa juma, maji ya dumu yananunuliwa wapi bomba likikauka, zamu ya kufagia ua inakwendaje, na daladala ipi inapita karibu na hospitali. Akiugua usiku, ukuta ni mwembamba na watu watasikia. Ninaowahofia zaidi ni wale wanaoolewa moja kwa moja katika nyumba mpya za pembezoni, kule Chanika, Kivule, Goba au Bunju, ambako mume amejenga kwa jasho lake na kila mtu anamsifu mke kwa bahati yake. Nyumba hizo zina ukuta na geti, jirani yuko mbali, mume anaondoka kabla ya jua kuchomoza kwa sababu ya foleni na kurudi giza limeingia, na mke hushinda siku nzima asipate mtu wa kuzungumza naye isipokuwa kwa simu na mama yake aliyeko kijijini. Mama naye hataki kusikia kwamba mwanawe mwenye nyumba ya bati jipya analia.

Kuna pia onyo ambalo waume wengi hutoa mapema, kwamba mke asizoeane na majirani kwa kuwa wanawake wa mjini watamharibu. Ninaelewa hofu iliyo nyuma ya onyo hilo, kwa maana umbea upo, na ipo mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu ambayo imevunja nyumba nyingi katika mitaa yetu. Hata hivyo, nimeona mara nyingi kwamba mwanamke anayenasa katika kausha damu ni yule asiye na mtu wa kumwazima fedha za dawa ya mtoto, wala wa kumwambia mapema kwamba riba ile haibebeki. Kumfungia mke ndani ili asidanganywe ni kumwacha bila mtu wa kumzindua siku anapodanganywa. Kuhusu mama mkwe na mawifi sitasema mengi, kwa sababu wapo wanaompokea mgeni kama binti wa nyumba na wapo wanaomhesabu kama mtumishi, na wakiwa wema kiasi gani bado jambo likiharibika ndani ya ndoa wao ni ndugu za mume.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kumpeleka mke mgeni ni kwa mjumbe na katika ofisi ya serikali ya mtaa, naye ajitambulishe kwa jina lake na mkoa alikotoka. Jambo hili huonekana dogo hadi siku anapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa au akaunti ya benki, au anapokwenda kliniki. Kliniki za wajawazito huwataka wanawake wafike hudhurio la kwanza pamoja na wenza wao, na mara nyingi anayefika peke yake huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Kwa mwanamke ambaye mume wake yuko safarini au kazini mkoani, na mwenyekiti wa mtaa hajawahi kumwona, siku hiyo hugeuka kuwa ya kuzungushwa huku na huku akiwa na tumbo lake. Lakini nataka kuusifu ule ukumbi wa kliniki, kwa sababu nimeona urafiki wa kudumu ukianzia pale kwenye benchi, kati ya wanawake wenye mimba za umri unaolingana wanaoketi saa nyingi pamoja na kuondoka wakiwa na namba za simu za wenzao.

Baada ya hapo huja fedha, na hapa ndipo ugeni unapouma kwa namna isiyotajwa. Vikundi vya kuweka na kukopa hujengwa juu ya kufahamiana: mwanachama hununua hisa kila kikao, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na akitaka mkopo lazima wenzake wamdhamini, mpaka mwisho wa mzunguko kikoba kivunjwe na kila mtu apate mgao wake. Swali la kwanza kwa kila mgeni ni nani anamfahamu, naye hana wa kumtaja. Njia niliyoona ikifaa ni kuanza na mchezo, yaani kuchangishana na kupeana fedha kwa zamu, wa watu wachache kwa fedha ndogo, chini ya kijumbe mwaminifu anayezikusanya, ili katika miezi kadhaa watu wamjue kuwa analipa kwa wakati, kisha mmoja wao amchukue dhamana kikobani. Akishakuwa ndani ya kikundi kilichosajiliwa, anaweza hata kufikia ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hakuna anayeipata akiwa peke yake ndani ya geti.

Dini nayo hufanya kazi kubwa. Sisi Wakatoliki tunazo jumuiya ndogo ndogo, ambazo hapa Dar hukutana Jumamosi alfajiri nyumba kwa nyumba, na WAWATA, umoja wa wanawake uliopo tangu mwaka 1972. Jirani zangu Waislamu wana darsa na madrasa za akina mama, na shughuli za maulidi ambazo huwakusanya wanawake wa mtaa mzima. Uzuri wa jumuiya ni kwamba zamu ya nyumba humfikia kila mtu, hivyo mgeni hupata wageni. Vyama vya watu wa nyumbani, vya kuzikana na kusaidiana, vina faraja ya aina yake, kwa kuwa humo mtu huzungumza lugha ya mama yake na hakuna anayecheka lafudhi yake. Nina wasiwasi navyo kwa jambo moja tu: mara nyingi aliyeandikwa ni mume, na linalosemwa kikaoni hufika kijijini haraka, hivyo mwanamke mwenye shida ya ndoa hunyamaza hapo hapo alipopaswa kusaidiwa.

Na shida ya ndoa ikija, sheria yenyewe inategemea watu wanaokufahamu. Wengi bado husema kwamba miezi sita ya kuishi pamoja inatosha kuwa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema miaka miwili au zaidi, tena katika hali iliyowafanya watu wawahesabu wawili hao kuwa mke na mume, na dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyeletwa mjini bila kufungishwa ndoa rasmi atahitaji mashahidi: majirani, mjumbe, wanachama wenzake. Sheria hiyo hiyo inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na inakataza kumpiga mke au mume. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Kabla ya kufika huko lipo baraza la usuluhishi la kata, wapo maofisa wa ustawi wa jamii, lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na mashirika kama TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria. Mgeni hazifahamu njia hizi mpaka aambiwe na mwanamke mwenzake aliyezipita.

Dada mmoja kutoka Kigoma, aliyekuwa jirani yetu, aliachwa na mume aliyekwenda mkoani kwa kazi ya ujenzi, kisha simu yake ikawa haipatikani. Alikuwa na mtoto mchanga na kodi ilikuwa inaisha. Wanawake wa mchezo walimpa zamu yake mapema, mwenyekiti wa mtaa akamwandikia barua, ofisa wa ustawi wa jamii akampata mume kupitia msimamizi wake wa kazi, na matunzo yakaanza kuja, kidogo kidogo. Leo anauza vitumbua asubuhi na ndiye mweka hazina wa mchezo huo.

Katika kikoba chetu tumekubaliana kwamba mzunguko ujao kila mwanachama wa zamani amlete mgeni mmoja wa mtaani kwake na kumdhamini yeye mwenyewe, na kwamba ada ya kiingilio ya mgeni huyo italipwa kwa mafungu. Kwa wale wa nyumba za mbali tutahamishia kikao kimoja kwa mwezi kwao, kwa sababu nauli ya kuja Mbagala na kurudi Chanika ni kubwa kuliko hisa ambayo wengi wao wangeweza kununua.