Mgeni ofisini Lubumbashi: huna upande, na kila upande unakutaka

Ofisini kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kikao cha Jumatatu ni cha kusomewa tu. Mambo yanakuwa yameshapikwa: Ijumaa jioni ndani ya gari la kurudi mjini, au asubuhi ileile watu wakizunguka meza kwa meza kupeana mikono. Salamu hizo usizione ni adabu tu. Wanaume waliozoeana hugusanisha vichwa, akina mama huulizana habari za watoto wote mmoja mmoja, na aliyerukwa huonekana na kila mtu. Kufika saa nne, ofisi nzima inajua nani kakosana na nani, na nani kahama kambi.

Mimi ni mtu wa Mbeya. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo: madini yanatoka hapa, yanavuka Kasumbalesa, yanakatiza Zambia mpaka Tunduma, halafu bandari ya Dar. Kumbe makaratasi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni saa.

Nieleze. Makao makuu yetu yako Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja ingawa ni nchi ileile. Sisi tukifungua saa mbili, wenzetu kule ndiyo kwanza saa moja, wako kwenye foleni ya magari. Saa hiyo moja ndiyo yenye siasa zote. Ripoti zinaandikwa upya, lawama inahamishwa kutoka meza hii kwenda ile, na kila mkubwa anavizia awe wa kwanza kupiga simu Kinshasa wakifungua. Atakayewahi ndiye anayesimulia lori limekwama kwa uzembe wa nani. Atakayefuata anajitetea tu. Huko Dar nako ni saa tatu tayari, mawakala wameshaanza kufoka kwenye WhatsApp.

Halafu kuna lugha. Barua ni Kifaransa, kubembelezana ni Kiswahili, na wageni wa Kinshasa wakishuka, ghafla watu wanakumbuka Lingala. Ukitaka kujua nani anawania cheo, sikiliza Lingala inatoka kinywani mwa nani siku hiyo.

Lakini nguvu haikai kwa mkubwa peke yake. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji nje wa kobalti, madini ya betri, kwa miezi minne, kwa sababu ilijaa sokoni na bei ikaanguka. Shaba iliendelea kupita, ila ofisi ilipagawa: mzigo upi unaondoka, upi unabaki, mteja aambiwe nini? Tuna karani mmoja mpole wa kufuatilia vibali, mtu ambaye kwenye vikao hakuwa akiulizwa hata hali. Yeye ndiye aliyekuwa na maandishi ya uamuzi ule kwenye simu yake, na ndiye aliyekuwa na rafiki wa kumpigia. Wiki zile hata mkurugenzi alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye meza yake.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, French na Raven, waliorodhesha mwaka 1959 vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya wenzake: cheo, zawadi, adhabu, ujuzi na kupendwa. Baadaye Raven akaongeza cha sita, habari. Karani wetu alikuwa hicho cha sita, amevaa kandambili. Na alijua kuitumia: hakumwambia mtu yeyote habari yote. Mhasibu alipewa kipande, wa magari kipande, mkurugenzi kipande, na ili kuunganisha ilibidi wote warudi kwake. Juni zuio lilipoongezwa miezi mitatu, meza yake ilihamia karibu na dirisha. Oktoba ulipoanza mgao wa viwango vya kuuza nje, hakuna aliyethubutu kuirudisha ilikokuwa. Sikumlaumu. Angegawa yote siku ya kwanza, siku ya pili wangesahau jina lake.

Sasa mimi nimo wapi? Hapa kabila na jimbo havitaniwi ofisini. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa Katanga, eneo letu hili, kwa maelfu, wengine waliozaliwa hapahapa. Hivyo mtu akitaka kumsema mwenzake kwa mkubwa anaogopa kuonekana anapigania kwao. Anamtafuta Mtanzania. "Weye hauko mutu wa hapa," ananiambia yule mama wa mapokezi, "njo weye utamuambia muzuri." Nisingekuwa makini ningekuwa posta. Nina sharti moja: nitabeba neno ambalo mwenyewe yuko tayari litajwe kwa jina lake. Wengi wanacheka, wanaondoka na neno lao.

Hivi sasa vita ni ya nani ataongoza kituo chetu cha mpakani Kasumbalesa. Wagombea ni wawili, na kila mmoja amenialika kwake Jumapili hii, bukari (ugali) na sombe (kisamvu), mkewe kaagizwa asisahau samaki. Nitakwenda kwa mmoja mchana na kwa mwingine jioni, na kila mmoja nimeshamwambia kuwa nakwenda kwa mwenzake.