Kitambaa cha pili

Wapendwa, kwaya yetu hapa Goma iligawanyika kwa sababu ya maikrofoni. Nani aanzishe wimbo, nani asimame mbele. Mimi nilikuwa upande wa waliosema "sisi ndio tuliijenga hii kwaya". Miezi mitatu hatukusalimiana, na tunakaa mtaa mmoja!

Jumamosi nilipita kanisani kuchukua daftari langu la nyimbo. Nikamkuta mama mmoja wa upande ule amepiga magoti, bidoni ya maji ya ziwa pembeni, anapangusa vumbi jeusi la mawe ya volkano kwenye mabenchi. Alianzia benchi letu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Akaniuliza tu: "Mwanangu, mama yako alishapona?"

Nilishindwa kujibu. Katika Luka 22 wanafunzi wanabishana nani mkubwa, mezani pale pale, usiku ule wa mwisho. Na katika Yohana 13 Yesu anajifunga taulo, anawaosha miguu, hata Yuda. Nimeyasoma hayo tangu utotoni, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Nilichukua kitambaa cha pili. Tulipangusa hadi giza likaingia, nikamwomba msamaha. Kesho sitasimama mbele, nitabeba maji.