Ramani ya sehemu za kijani za eneo letu: jinsi tulivyoichora na tunavyoilea

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kuanzisha ramani ya mazingira ya eneo lake, yaani ile inayokuonyesha wapi utajaza chupa ya maji, nani anapokea plastiki na vyuma chakavu, fundi gani anakurekebishia kitu badala ya kukwambia kanunue kipya, bustani za pamoja ziko wapi, chemchemi, miti mikubwa ya kivuli, njia unazoweza kupita na baiskeli bila kuhofia maisha yako. Mi na wenzangu tumeifanya hii kazi na bado tunaendelea nayo, na nianze na lile ninaloliamini kuliko yote: kuweka alama kwenye ramani ndo sehemu nyepesi, kazi yenyewe ni kuhakikisha alama hiyo bado inasema kweli mwakani.

Wazo lenyewe lina miaka. Mwaka 1992 mbunifu wa New York anaitwa Wendy Brawer alitoa ramani ya jiji lake kwa mtindo huu, alafu 1995 ikaanza Green Map System, ambayo kitu chake kikubwa ni seti ya alama za picha zinazotumika nchi nyingi, hivyo hata kama husomi lugha ya pale unaweza kuelewa kilichopo. Pembeni yake kuna OpenStreetMap iliyoanzishwa Uingereza 2004 na Steve Coast, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza na kusahihisha, na data yake unaitumia bure mradi utaje chanzo na uheshimu leseni. Ila kilichonipa moyo zaidi ni Map Kibera ya Nairobi, 2009, pale vijana wa Kibera wenyewe walipoanza kutembea na GPS, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya satelaiti na kukwambia uko wapi, kuchora eneo lao wakati kwenye ramani nyingi sehemu hiyo ilikuwa karibu tupu. Nikajua basi hii si kazi ya mainjinia peke yao.

Kabla hata ya kugusa simu tulikaa tukabishana sana kuhusu nini kinaingia na nini hakiingii, na nawashauri mbishane mapema maana mkiacha baadae mtabishana mbele ya watu. Kila duka siku hizi linajiita la kijani, ukiingiza wote ramani inageuka tangazo. Swali letu likawa moja tu, mtu akifika hapo atafanya nini? Kwa hiyo sehemu ya kurejeleza tunaingiza ile inayopokea mzigo wa mtu wa kawaida anayekuja na mfuko mkononi, sio kiwanda kinachonunua kwa tani. Bomba la maji tunaingiza lile ambalo mpita njia anajaza bila kuomba ruhusa. Bustani ni ile unayoweza kujiunga nayo, au angalau kuingia ukaona wanavyotengeneza mboji.

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye sehemu mbaya, kama majalala yasiyo rasmi na mitaro inayomwaga uchafu mtoni. Wengine walitaka ramani iwe ya kutia moyo tu. Mi nilisimama upande wa kuziweka na nasimama hapohapo hadi leo, kwa sababu ramani inayoonyesha mto bila kuonyesha kinachoingia mtoni inamdanganya mtu anayepeleka watoto kuogelea, na hata zile alama za Green Map zenyewe zipo za maeneo yaliyochafuliwa. Tukakubaliana ziingie, ila kwa maelezo ya kile kinachoonekana kwa macho bila kumtuhumu mtu.

Vifaa havikutusumbua. Tulichapisha karatasi kutoka OpenStreetMap, tukawapa watu kalamu, wakatembea wakiandika juu yake. Karatasi haiishiwi chaji, na mzee ambaye hashiki simu janja anakuchorea njia ya chemchemi vizuri kuliko kijana yeyote. Simu tulitumia kuchukua pointi za GPS, na hapa kuna vitu vya kiufundi inabidi mvijue. Simu ya kawaida ikiwa chini ya anga wazi inakosea kama mita 5 hivi, ukiwa kati ya majengo marefu au chini ya miti mizito kosa linaongezeka maana mawimbi yanagonga na kurudi. Kwa hiyo usitegemee pointi peke yake, andika na maneno, "nyuma ya geti, upande wa ukuta". Pia kwenye namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, usihangaike na tarakimu kumi baada ya nukta, ya tano tayari ni kama mita moja, zinazofuata hazina maana kwa simu. Na mpangilio wa namba uangalieni sana, simu nyingi zinakupa latitudo kwanza, faili za GeoJSON, ambazo ni aina ya faili za kuhifadhia data ya ramani, zinataka longitudo kwanza, zikigeuzwa bustani yako inaenda kutokea baharini.

Kingine, usikae nyumbani ukinakili majina na sehemu kutoka Google Maps kwenda OpenStreetMap. Ni kinyume cha leseni na watu wa OpenStreetMap wanafuta. Nenda ukaone mwenyewe, ndo maana ya kazi hii.

Tuliamua pia kugawa. Vitu vya kudumu ambavyo mtu yeyote akifika atavikuta, kama bomba, chemchemi, pipa la kurejeleza, tunaviweka OpenStreetMap ili kila mtu duniani anufaike. Maoni na hadithi, mfano fundi huyu ana subira, bustani hii inapokea wageni asubuhi, zinakaa kwenye tabaka letu wenyewe tulilotengeneza uMap, ambayo inakuruhusu kuweka alama zako juu ya ramani ya OpenStreetMap bila kujua kuandika programu za kompyuta.

Sasa nije kwenye watu, maana hapa ndo nimejifunza mengi. Waokota chupa wanajua taka za eneo kuliko ofisi yoyote. Tulipoanza kuongea nao tukagundua neno "kurejeleza" kwenye ramani halimsaidii mtu hata kidogo, kwa sababu anayenunua chupa za maji hanunui madumu, na anayenunua madumu hataki vikombe vya mtindi. Ile namba ndani ya pembetatu chini ya chombo, 1 hadi 7, ni aina ya plastiki tu, haimaanishi kwamba kuna mtu ataichukua. 1 ni PET, chupa nyingi za maji na soda, 2 ni HDPE, madumu na chupa za sabuni, na hizi mbili ndo mara nyingi zina soko. 7 ni "nyinginezo", humo ndani kuna mchanganyiko wa kila kitu. Basi tukafuta neno la jumla na kila kituo tukaandika anachopokea kwa majina ya vitu vyenyewe, kiwe kimeoshwa au la, na kizibo kiondolewe au kibaki. Hiyo kazi ilichosha kweli ila ndo sehemu ya ramani inayotumika kuliko zote.

Lakini haohao waokota chupa walikuwa na wasiwasi, na ni wasiwasi wa haki, kwamba wakiwekwa kwenye ramani kesho wanakuja kufukuzwa. Hatukuwaweka. Anayetaka aingie anaingia kwa ridhaa yake na kwa maelezo anayoyachagua yeye, namba ya simu ya mtu haiwekwi hadi aseme ndiyo, na akibadili mawazo inatoka siku hiyohiyo. Nyumba ya mtu yenye sola au matanki ya maji ya mvua hata iwe mfano mzuri kiasi gani, bila mwenyewe kukubali haiingii.

Viumbe nao wana siri zao. Viota vya ndege adimu, mimea ya dawa inayoisha, hizo hatuonyeshi pointi kamili, tunataja msitu tu. Wala hatukulibuni sisi, iNaturalist, mtandao ambao watu wanaweka picha za mimea na wanyama waliowaona, nao wanaficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini ili wawindaji na wachimbaji wasipate ramani ya bure.

Kwenye maji tuko wakali zaidi. Chemchemi kuwa na maji meupe haina maana ni salama, vijidudu havionekani kwa macho. Kwa hiyo tunaandika "maji yapo" au "yamekauka kiangazi", na "ya kunywa" tunaandika tu pale ambapo kuna kipimo cha maabara au ni bomba la mamlaka ya maji lenye huduma hiyo. OpenStreetMap nayo ina sehemu tofauti ya kusema kama maji ya chanzo fulani yananyweka au hapana, itumieni.

Uhakiki ndo roho ya yote. Kila alama ina tarehe ya mwisho kuonwa kwa macho, inaonekana kwa msomaji sio kwetu tu, na kila alama ina mlezi wake ambaye ni mtu anayepita njia ile kwa shughuli zake, hatumtumi mtu safari maalum. Ikipita mwaka bila kuonwa inageuka kijivu, bado haijaonwa inaondoka. Watu wanaogopa kuondoa alama kwa sababu ramani inaonekana imepungua, mi nasema acha ipungue, maana mtu akibeba mzigo wa chupa hadi kwenye kituo kilichofungwa hatorudi tena kuiangalia na atawaambia wenzake. Wenye simu za Android tumewawekea programu ya StreetComplete, inamuuliza mtu swali dogo kuhusu kitu kilicho karibu naye, anajibu akiwa amesimama pale, jibu linaingia OpenStreetMap moja kwa moja.

Ramani ikishajaa kidogo inaanza kukuonyesha pasipo na kitu. Kwetu upande mmoja wote ulikuwa hauna bomba la wazi hata moja wala mti wa kivuli kando ya barabara ya kwenda shule, kila mtu alikuwa anajua kwa mwili wake ila hakuna aliyewahi kuiona yote kwa pamoja. Tukaichapisha tukaipeleka kwenye kikao cha uongozi wa eneo, na mazungumzo yakawa ni bomba liwe kona ipi, hakuna tena aliyeuliza kama tatizo lipo.

Toleo la karatasi msilidharau, tunabandika sehemu zenye watu. Alama zake zichagueni zinazosomeka hata zikitolewa kopi nyeusi na nyeupe, msitegemee rangi, na tarehe ya kuchapishwa iwe kubwa pembeni. Na data yote tunaitoa kila baada ya muda kama faili la kawaida la CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, nakala zinakaa kwa watu tofauti, nywila pia haziko kwa mtu mmoja, ili yeyote akihama wengine waendelee.