Na wewe unarusha ndege?

Tangu Jumapili swali la mjomba limenikaa kooni. Wiki imekuwa na mambo: dada kajifungua salama, mtoto wa kike, na mimi nimehamishiwa idara nyingine. Lakini nikilala, kinachorudi ni sauti ya mjomba.

Alinikuta mezani na ile Vixa, saa ya mkono ya zamani, mnajua jinsi nilivyoisaka. Nilifungua kifuniko cha nyuma tu. Upande wa uso siugusi, kwa kuwa namba zake zilipakwa radiamu. Haziwaki tena gizani, ila mionzi yenyewe bado ipo, na vumbi lake si la kuvuta puani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo hiyo ya marubani?"

Nikamwambia ndiyo, ni ya muundo wa Type 20, jeshi la Ufaransa liliagiza miaka ya 1950. Akaigeuza, akanitazama.

"Na wewe unarusha ndege?"

"Hapana, mjomba."

Basi. Hakucheka, wala hakukusudia kuniumiza, na labda ndiyo maana imeniuma. Usiku nimemjibu kwa kila namna. Nimemwambia kwamba mashine iliyotengenezwa kwa kazi ngumu namna ile haistahili kufa kabatini kwa sababu kazi yenyewe imekwisha. Nimemwonyesha mgongo wa saa, palipogongwa herufi FG (fin de garantie, mwisho wa dhamana) na tarehe: kila ilipotoka kwa fundi, ilipigwa muhuri wa siku ambayo dhamana ya matengenezo ingeisha. Kuna mtu aliyeitunza kwa ratiba. Siku hizi mtu huyo ni mimi.

Leo asubuhi, nikipiga mswaki, nikakumbuka kilichofuata. Nilikuwa nimeng'ang'ania lile swali hadi nikasahau mengine yote.

Mjomba hakuirudisha saa. Alibonyeza kitufe cha juu, mshale wa sekunde ukaondoka. Akabonyeza cha chini, mshale ukaruka hadi sifuri na papo hapo ukaanza safari upya. Akarudia. Akarudia tena.

"Mbona hausimami?"

Nikamweleza. Kronografu ya kawaida, yaani saa yenye kipima muda, inataka mibonyezo mitatu: simamisha, rudisha, anzisha. Rubani anayekata kona angani kwa kufuata dakika na dira hana nafasi hiyo. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, kila sekunde inayopotea ni zaidi ya mita 80 za njia. Kwa hiyo mbonyezo mmoja unamaliza yote.

Mjomba, aliyetumia ujana wake wote kuendesha mabasi ya masafa usiku, akatikisa kichwa polepole. "Ukungu ukishuka, hata mimi nilikuwa naijua kona kwa saa. Ukitoka darajani unahesabu." Akaisogeza sikioni, akafumba macho. Alipoondoka akasema, "Ukiifungua tena, niite."

Nimefurahi asubuhi nzima. Nitamwita. Nataka aone gurudumu la safu, lile dogo lenye vinguzo linaloamrisha kipima muda, linavyogeuka kitufe kikibonyezwa, jino kwa jino. Hilo halielezeki kwa mdomo.

Ila dada anarudi na mtoto Jumamosi, na ukuta wa chumba chao umeanza tena kutoa unyevu. Mpangaji wa juu hapokei simu. Rangi niliyopaka imeshavimba, na sijui kama nimlaze mtoto mchanga humo au niwapishe chumba changu.